Sampuli Si Sadaka

 

Usiku mmoja, darasa lilipokwisha na vitabu vikafungwa, kijana mmoja katika wahudhuriaji wetu alibaki nyuma na wenziwe wakenda zao. Alikuwa na swali ambalo hakupenda kuliuliza mbele ya watu. Alitueleza khabari yake, nasi twaieleza hapa kwa idhini yake, bila ya kumtaja yeye wala kumtaja aliyemdhulumu.

Kijana huyu hana mwajiri. Riziki yake ni mkono wake: huchora nembo za maduka, kadi za arusi, matangazo ya maulidi na ya harambee, na maandishi ya khati juu ya kuta. Mfanyabiashara mmoja wa mji huu alimwita akamwambia ya kuwa ataka kibao kipya cha duka lake, basi amtengenezee sampuli tatu apate kuchagua. Bei haikutajwa. Kijana alipoiulizia, aliambiwa, "Wewe fanya kwanza, mwanangu, tutakutazama." Akakesha siku nne akizichora, akazipeleka kwa simu. Jawabu ikaja ya kuwa hazikupendeza, na shauri lenyewe limeahirishwa. Ulipopita mwezi alipita njia ile, akauona mchoro wake wa pili uko juu ya mlango wa duka, na uko juu ya mifuko, na uko ubavuni mwa gari la kupelekea bidhaa. Rangi ya kijani imegeuzwa kuwa buluu. Zaidi ya hapo hakuna kilichobadilishwa hata nukta.

Aliingia dukani kuuliza, akajibiwa mambo matatu. La kwanza, ya kwamba hawakupatana bei, na pasipo mapatano hapana deni. La pili, ya kwamba kile ni kitu cha kwenye simu, hakikupungua kwa kutumiwa, na yeye mwenyewe angali nacho vilevile. La tatu, ya kwamba yeye bado mdogo, basi na ashukuru kazi yake yaonekana na watu.

"Masheikh wangu," alituuliza, "je, nina haki, au ni tamaa ya nafsi yangu tu?"

Tulimjibu usiku ule kwa ufupi. Lakini tulipozungumza sisi kwa sisi baada ya yeye kuondoka, ilidhihiri ya kuwa kila mmoja wetu ana jamaa aliyepatwa na mambo kama haya. Mmoja ana mpwawe mpiga picha, aliyepiga arusi ya watu kisha akaziona picha zake katika matangazo ya ukumbi uliofanyiwa arusi hiyo, wala hakuulizwa. Mwingine ana dada apakaye wanawari hina na piko. Mwenye saluni alimwomba michoro kumi "ya kuonyesha", na leo michoro hiyo imebandikwa ukutani mwa saluni, na wanaoipaka ni wasichana wengine. Wa tatu ni mtunzi yeye mwenyewe. Aliombwa beti za kumsifu mgombea wa kiti, akaambiwa hazikufaa, kisha akazisikia zaimbwa juu ya lori wakati wa kampeni. Basi tukaona ya kuwa jambo hili si la kijana mmoja, na kwamba kunyamaza sisi ambao twajidai kuamrisha mema hakufai.

Ajabu ya watu wetu ni kwamba mtu aliyebeba gunia la mchele kutoka garini hadi ghalani hapana awezaye kumwambia, "Hatukupatana, nenda zako." Akithubutu kusema hivyo, watu wa sokoni watamkusanyikia. Jasho la hamali laonekana. Lakini aliyekesha mbele ya taa, jasho lake li ndani ya kichwa, na kwa kuwa halionekani, basi watu hulihesabu kuwa halipo. Kalamu imekuwa nyepesi mno machoni mwao, hata kazi yake wamaifanya kama maji ya mvua, kila mwenye ndoo huteka.

Kurani imetusimulia khabari za watu wa Madyan, waliokuwa watu wa biashara kama sisi watu wa pwani. Nabii Shuaib, amani imshukie, aliwaamrisha watimize vipimo na mizani, kisha akaongeza kuwakataza wasiwapunguzie watu vitu vyao. Zingatieni, ndugu zetu. Lau makusudio yangekuwa ni mizani peke yake, agizo la kwanza lingetosha. Lakini neno lililotumika la pili ni pana, na wafasiri wamelieleza kuwa limekusanya kila haki ya mtu, ikiwa ni ya kupimwa kwa kibaba au si ya kupimwa. Na katika Madyan hiyohiyo ndiko alikofika Nabii Musa hali ya kuwa mkimbizi hana kitu. Aliwanywesheza mabinti wawili wanyama wao pasi na kuombwa malipo. Na baba yao, alipopata khabari, alimwita ili amlipe kwa kazi ile. Kisha walipotaka kufanya kazi ya muda mrefu, walitaja miaka minane, wakaitaja na kumi kuwa ni hiari yake Musa, wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi wa maneno yao. Mzee yule hakumwambia Nabii Musa, "Wewe chunga kwanza, tutakutazama."

Sasa na tuzirejee zile hoja tatu, na ya kwanza ndiyo yenye uzito, wala hatutaki kuipita juu juu, kwani mwenye kuisema aweza kupata pa kuegemea katika vitabu vyetu wenyewe.

Sisi watu wa pwani hii ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, na kitabu cha *Minhaj* cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), si kigeni katika darasa zetu. Katika mlango wa ijara Imam Nawawi ametaja khabari ya mtu aliyempa mshonaji nguo yake amshonee, naye akaishona, na ujira usitajwe. Kauli aliyoitanguliza ni kwamba mshonaji huyo hana ujira. Ametaja na kauli ya pili, kwamba anao. Na ya tatu, kwamba akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi hiyo na kwa kulipwa, basi anao, na kama si hivyo hana. Na Imam mwenyewe ameashiria ya kuwa kauli hii ya tatu yaweza kuonekana kuwa njema. Hii ndiyo ngao ya mfanyabiashara wetu, ijapokuwa hatudhani ya kuwa aliisoma.

Lakini ngao hii haimfuniki, na sababu ni tatu, na hii ya mwisho ndiyo kubwa.

Yeye hakunyamaza kimya. Alisema, "Tutakutazama." Wanavyuoni waliomsherehesha Imam Nawawi wameeleza ya kuwa mwenye kazi akiambiwa neno lenye kudokeza malipo, kama vile kuambiwa fanya nami nitakuridhisha, basi hapo ujira umekwisha kuingia ila kadiri yake ndiyo haikujulikana, na hukumu yake ni kulipwa ujira wa mfano, yaani kile walipwacho watu wa kazi hiyo katika mji huo kwa kazi kama hiyo. Kwa hivyo lile neno ambalo watu wetu walifanya mlango wa kutokea, kumbe katika fikihi ndilo mlango wa kuingilia deni. Kila aliyesema "tutakutazama" amekwisha kujifunga.

Tena, kijana huyu ni mtu ajulikanaye kwa kazi hiyo. Hakuitwa kwa kuwa ni jirani, aliitwa kwa kuwa ni mchoraji.

Ama ya tatu ni hii. Yule mshonaji wa kitabuni ameshona nguo ya nani? Ni nguo ya mwenyewe. Kitambaa ni cha mteja, nacho kimemrudia mteja. Lililogombewa ni ule ujira wa mkono tu. Lakini mchoraji wetu hakuchora juu ya kitu cha mfanyabiashara. Karatasi yake, wino wake, chombo chake, na mchoro ni wake. Hata tukiikubali ile kauli ya kwanza kwa ukali wake wote, tukasema kijana hana ujira wa zile siku nne, bado kauli hiyo haimpi mfanyabiashara umiliki wa mchoro. Itamnyima kijana malipo ya kazi, lakini haitamnyang'anya mali yake. Na sampuli iliyotolewa ili itazamwe, kisha mtazamaji akaitumia, yafanana zaidi na kile kitu ambacho mtu hukichukua dukani akakitazame kabla ya kununua. Na katika madhehebu yetu kitu hicho ki katika dhamana ya aliyekichukua. Hawezi kukitumia kisha akasema, "Sikununua."

Hoja ya pili, ya kwamba mchoro haukupungua kwa kutumiwa. Maneno haya huwapumbaza watu wengi, na hasa zama hizi ambapo kitu chanakiliwa kwa kidole kimoja. Lakini nyumba nayo haipungui kwa mtu kuilala usiku mmoja. Je, mtu avunje kufuli ya nyumba isiyo na mpangaji, akae mwaka mzima, kisha amrudishie mwenyewe ufunguo na kumwambia, "Itazame, haijapungua tofali"? Katika madhehebu ya Shafii manufaa ya kitu ni mali kama kitu chenyewe, na mwenye kuyachukua kwa dhuluma atalipa ujira wa mfano wake. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wana maneno yao katika jambo hili, lakini sisi tumesomeshwa hivi, wala si insafu mtu kuwa Mshafii katika sala na kutafuta madhehebu mengine afikiapo malipo.

Ni kweli ya kuwa wanavyuoni wa karne iliyopita walikhitilafiana juu ya haki hizi za utunzi na ubunifu, kwani hazikuwa na jina katika vitabu vya kale. Walakini baraza la fikihi la nchi za Kiislamu, ambalo makao yake ni Jidda, lilikutana Kuwait mwezi wa Desemba mwaka 1988, likakata shauri ya kuwa haki za utunzi, za uvumbuzi na za majina ya biashara ni haki zenye thamani ya mali, zalindwa na sharia, na haijuzu kuzishambulia. Basi hapana tena nafasi ya kusema ya kwamba jambo hili ni la Wazungu.

Na kwani wafanyabiashara wetu hawalijui? Walijua tangu zamani, pindi likiwa ni lao. Mama zetu waijua leso iliyopigwa chapa ya kuwa ni Mali ya Abdulla, ndiyo alama ya Kaderdina Hajee Essak aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887. Alifanya vyema kuweka alama yake, na wanunuzi wakamjua kwayo. Leo mwenye duka akiona jirani yake amebandika nembo kama yake, atapiga kelele mji mzima usikie na wakili atamtafuta siku hiyohiyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Hoja ya tatu, ya kwamba kijana ashukuru kuonekana, haitaki jawabu refu. Kuonekana hakununui unga. Wala jina lake halikuandikwa popote juu ya kibao kile, sasa ameonekana na nani?

Hapa twataka kugeuza uso wetu kutoka dukani, tuutazame msikiti. Maana wenye maduka wana wenzi wao katika dhuluma hii, nao ni sisi watu wa kamati, wa madrasa na wa jumuiya. Ikiwa pana maulidi, au pana harambee ya kujenga choo cha msikiti, mpishi wa biriani hulipwa, mwenye maturubai hulipwa, mwenye vipaza sauti hulipwa tena kwa fedha taslimu, kwani tusipomlipa atang'oa waya zake aende. Lakini anayechora tangazo, na anayepiga picha, na anayeandika ile khati ya mihrabuni, hao huambiwa, "Ni kazi ya dini, utalipwa na Mungu." Wallahi, Mwenyezi Mungu hulipa, lakini nani aliyetufanya sisi kuwa mawakili wa kuziandikia hawala katika hazina Yake kwa madeni yetu?

Sadaka ni njema, na mwenye kutaka kutoa mkono wake kwa ajili ya dini atapata thawabu kubwa kwa rehema za Mola wake. Lakini sadaka haiwi sadaka ila kwa ridhaa ya mtoaji. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha ya kuwa mali ya Mwislamu si halali ila kwa kuridhika nafsi yake. Na wanavyuoni wametuonya juu ya kile kichukuliwacho kwa upanga wa haya: mtu kuombwa mbele ya hadhara, akaona aibu kukataa, akatoa na moyo wake unakataa. Kitu hicho wamekihesabu kuwa kama kilichonyang'anywa. Kijana wa miaka ishirini akiitwa na wazee watano wenye kanzu na makoti, akaambiwa akamchoree Mungu, atasema nini? Atasema ndiyo. Je, ndiyo hiyo ni ridhaa?

Mtume mwenyewe alipoumikwa na Abu Taiba aliamuru apewe pishi ya tende. Hakumwambia ya kwamba kumhudumia Mtume ni baraka iliyotosha, hali ya kuwa hapana baraka kubwa kuliko hiyo. Na ametueleza ya kuwa Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kwa ukamilifu, kisha asimpe ujira wake. Ndugu zetu, mtu aweza kumkimbia mdai wake, na aweza kumshinda mahakamani kwa hila na mawakili. Lakini hasimu huyu hakimbiliki.

Na katika Hadithi za Mtume imo khabari ya watu watatu waliofungiwa na jabali pangoni, kila mmoja akamwomba Mola wake kwa amali yake iliyo safi kuliko zote. Watu wengi wamkumbuka wa kwanza, aliyewahudumia wazee wake, na wa pili, aliyeacha zina kwa khofu ya Mungu. Wa tatu hupitwa, naye ndiye wetu leo. Alikuwa ameajiri vibarua, akawalipa wote ila mmoja aliyeuacha ujira wake akaenda zake. Ujira wenyewe ulikuwa kipimo cha nafaka tu. Yule bwana hakuula. Aliupanda, ukazaa, akauza akanunua ng'ombe, na ng'ombe wakazaana pamoja na mchungaji wao. Ilipopita miaka yule kibarua akarudi kutaka kipimo chake, naye akaonyeshwa bonde lililojaa wanyama akaambiwa awachukue, ni wake. Yule maskini alidhani afanyiwa mzaha. Akawasukuma wote, asiachiwe hata mmoja yule aliyewafuga. Kwa amali hii mwamba ulisogea wakatoka.

Tazameni tofauti iliyopo. Huyu alikuza kitu cha mwenziwe, na faida yote akamrudishia mwenyewe. Huyu wetu amekitwaa kitu cha mwenziwe, amekikuza kibao na mifuko na gari, kisha hata kile kipimo cha awali cha nafaka amekataa kukitoa.

Baada ya hukumu ya dini yafaa kuijua na sheria ya nchi, kwani wengi katika vijana wetu hudhani ya kuwa inawalinda kwa kila hali, na si hivyo. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001. Haki huzaliwa pale kazi inapoandikwa au kuchorwa, hata ikiwa haikuandikishwa popote. Kuandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ni ushahidi mwema siku ya mzozo. Wazo tupu lililo kichwani au lililotamkwa kwa mdomo halilindwi. Lilindwalo ni ule mchoro, yale maandishi, ile picha. Haya yote ni kwa faida ya mwenye kazi. Lakini katika sheria hiyohiyo mna kifungu cha 31, nacho ni mtego kwa asiyekijua. Kifungu hicho chasema ya kwamba kazi iliyoagizwa na mtu asiyekuwa mwajiri wa mtungaji, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, ila wakiwa wamepatana vinginevyo. Fahamuni maana yake: asiyeandika mapatano aweza kujikuta hana hakimiliki ya kazi yake mwenyewe, akabaki na deni la ujira tu la kulidai, nalo halina karatasi.

Watu wetu hukimbilia kwa kadhi. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imezipa mahakama za kadhi mambo ya hali ya nafsi, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Deni la mchoro halimo. (Mchoraji akifa, hapo kadhi ataingia, kwani hakimiliki ya mchoro yadumu miaka 50 baada ya kufa mwenyewe, nayo ni katika tarika yake, wala hatujapata kuona mirathi ya pwani ikiihesabu.) Mahali pa kudai ujira mdogo ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kusimama mwenyewe bila ya wakili. Lakini huko nako ataulizwa: mlipatana nini, na wapi mlipoandika?

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haikuteremshwa kueleza Pepo wala Moto. Ni ya kuandikiana deni, imo katika sura ya Al-Baqara. Imeamrisha deni la muda liandikwe, na imetukataza kuchoka kuliandika, likiwa dogo au kubwa. Nasi ndio watu tunaoona ya kuwa kumwambia mteja "tuandikiane" ni kumvunjia heshima.

Basi twawaambia wenye kazi hizi, na hasa vijana wetu: andikeni kabla ya kushika kalamu. Si lazima kwa mhuri wa wakili. Ujumbe wa simu unaotaja ni kazi gani, sampuli ngapi, bei ngapi, italipwa lini, na kwamba hakimiliki haihami mpaka fedha ikamilike, ukijibiwa "sawa", umekuwa ni maandishi. Sampuli nazo ziwe na bei yao, ndogo kama itakavyokuwa, ilipwe mbele. Hatukusudii ile arbuni iliyokatazwa katika madhehebu yetu, ambayo mnunuzi akighairi huliwa bure. Twakusudia ujira wa kazi ya kwanza, na mteja akiridhika ndipo huja ujira wa kazi ya pili. Msipeleke mchoro kamili kabla ya malipo. Pelekeni picha ndogo isiyofaa kupigiwa chapa, na jina lenu likatize katikati yake. Mteja mwenye nia njema hatachukia, naye mwenye nia mbaya ni bora akuchukie mapema.

Na jiangalieni nyinyi wenyewe. Tumeona matangazo ya vijana wetu yamejaa picha walizozichukua kwa watu wa nchi za mbali, wakaziuza kama zao. Mwenye kulia dhuluma asiwe na mkono katika mfuko wa mwingine.

Ama kijana wetu, tulimjibu ya kuwa anayo haki, nayo ni ujira wa mfano wa mchoro ule na ujira wa kutumiwa kwake mpaka siku atakapoafikiana na mwenye duka au kibao kiondolewe. Kusamehe ni fadhila yake akipenda, wala hapana mtu wa kumlazimisha. Wawili katika sisi walifuatana naye kwenda dukani. Walikaribishwa kahawa kwa heshima, wakaambiwa ya kuwa jambo hilo litatazamwa. Mpaka tuandikapo haya bado lingali latazamwa, na kijana amekwisha kutengeneza karatasi zake za mahakamani.

Yamebaki maneno ambayo tungependa kuyaficha. Ndugu msomaji, tazama juu ya ukurasa wa kwanza wa jarida hili, penye jina lake lililoandikwa kwa khati. Khati ile ililetwa kwetu miaka saba iliyopita na kijana mmoja ili tuitazame. Tuliitazama, ikatupendeza, tukaipiga chapa toleo baada ya toleo, na tulilomwambia ni lile lile neno: tutakutazama. Hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka mpaka usiku ule, alipoinuka mdogo wetu kuliko wote akauliza, "Na ile yetu tulimlipa nani?"

Tulimwendea. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba ametusamehe, na uso wake ukiinama chini. Tukamwambia ya kuwa msamaha huo ni wa haya na hatuupokei. Na ataje bei kama angalitaja kwa mtu asiyemjua. Ilimchukua muda. Alitaja shilingi 14,000 kwa miaka yote. Katika sanduku la darasa mlikuwa na 5,200. Tulimpa usiku uleule, na zilizobaki tumeandikiana naye kuzilipa kwa miezi mitatu, mashahidi wawili wakatia sahihi. Tulimwuliza pia kama aridhia khati yake iendelee kutumika, na kwa kiasi gani kila toleo, nalo limeandikwa.

Kuanzia toleo hili jina lake liko chini ya khati yake, kwa tahajia aliyoitaka mwenyewe. Na ikiwa yupo mwingine ambaye kalamu yake, au sauti yake, au picha yake ilitumiwa na darasa hili bila ya kulipwa, mshika sanduku hukaa na daftari lake barazani kila usiku wa Ijumaa baada ya sala ya Isha.